Kocha wa Pembeni

Jumamosi nilikuwa uwanjani Nkubu, huku kwetu Meru, kutazama wasichana wetu wadogo wakicheza na wageni kutoka Embu. Kocha wa wageni aliwaomba wazazi aliokuja nao jambo moja tu: washangilie, lakini kufundisha wamwachie yeye.

Baba mmoja hakuvumilia. Alitembea kando ya mstari, mikono mfukoni, kisha akaanza kumpigia bintiye kelele kwa Kiembu, akidhani sisi wenyeji hatutajua mpango wake. Alimwambia apitie kushoto kwa sababu beki wa huko amechoka.

Kocha wetu akasikia. Akamtoa beki huyo, akaingiza mwingine mwenye mbio.

"Wamejuaje?" baba akauliza.

Mama mmoja wa hapa, aliyekuwa akimimina chai kutoka kwa thamosi, alimpa kikombe. "Mzee, hiyo Kiembu sisi wote tunasikia. Haiko mbali na Kimeru."

Baba hakukata tamaa. Akapaza sauti tena, kwa Kiembu hicho hicho. Bintiye akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, mpira ukimpita.

"Dadi, unasema nini? Si uongee Kiswahili!"

Baba akainamia kikombe chake.

Wazazi wengi husema wanapeleka watoto kwenye timu hizi wakajifunze kuelewana na wenzao. Sina ubishi. Ila siku ile wapinzani walimwelewa yule baba vizuri kabisa. Aliyehitaji mkalimani ni yule aliyekunywa naye chai asubuhi nyumbani, meza moja.