Nani Anasafiri na Ndoo ya Ulezi?

Juzi, nikiwa kwenye kaunta ya mizigo ya basi pale Tunduma, mama mmoja kutoka Ibaba alileta ndoo ya unga wa ulezi. Binti yake kajifungua Morogoro, na uji wa mzazi, alisema, haununuliwi dukani.

Karani, kijana mpole, akaisajili ndoo kwenye kompyuta. Simu ya mama ikalia. Mama akasoma ujumbe kwa sauti: "Mzigo ukipotea au kuharibika, kampuni haitawajibika. Bonyeza moja kukubali."

Akailaza simu kwenye kaunta. "Mwanangu, nikubali upotee?"

"Hapana, mama. Ni mfumo tu. Nimeuunganisha mwenyewe, ujumbe unajituma. Ukikubali, stika ya mzigo inatoka."

"Na huo mfumo ndio unasafiri na ndoo?"

Kijana akatoka nje, akarudi na kondakta. Mama akainyanyua ndoo. Kondakta akaelewa. Akainama kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea huku kitu cha mkubwa. "Nimepokea, mama. Nitamkabidhi dada mkononi."

Hapo ndipo mama akabonyeza moja. Stika ikatoka.

Simlaumu karani, mfumo wake unafanya kazi, na foleni imepungua. Ila mimi nilikuwa nimebonyeza moja bila kusoma, na boksi langu la parachichi lilikuwa sakafuni, na stika yake. Nikalinyanyua, nikamfuata kondakta nje, nimelishika kwa mikono miwili.