Kina cha Khori la Sib

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, kwenye khori la Sib. Usende kulitafuta, siku hizi pamejaa majumba. Wakati huo lilikuwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mpana, na kina chake si cha mchezo. Mwaka wa sitini na sita, na mimi nilikuwa na miaka ishirini.

Mimi na mama yangu tulikuwa na mwaka wa pili tangu kutoka Unguja. Mama akishona kofia za watu mpaka macho yanamtoka machozi. Ami Nasor, nakhodha wa pale, alikuwa anataka mvuvi mmoja tu chomboni mwake, na tuliojitokeza tulikuwa wawili: mimi, na Hamdan, kijana wa hapo hapo Sib. Ami Nasor akasema tuvue kwa mishipi mpaka Magharibi, mwenye samaki wengi ndiye atakayepanda naye. Niliitaka kazi ile ili mama aweke sindano chini.

Hamdan hakuanza kuvua. Alifunga chubwi, lile jiwe la kuzamishia mshipi, akaliteremsha karibu na miguu yake, akalipandisha, akasogea hatua mbili, akaliteremsha tena. Alipopata pale kina kinapoanguka ghafla, akafunga fundo kwenye mshipi. Akaniita kwa Kiarabu, taratibu, huku akinionyesha maji yaliyo chini yetu. Nilifahamu nusu. Nusu iliyobaki ningeweza kuuliza, lakini Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekwa, na watu wamekaa ukingoni wanatutazama. Nikamjibu kwa sauti, tena kwa Kiswahili, "Mimi nimevua tangu mtoto."

Chambo tulipewa sawasawa, dagaa wa kupondwa. Wangu nikawafinyanga matonge, nikayarusha yote kwa mara moja katikati ya khori, nikidhani kurusha mbali ndio ubingwa. Nikapata changu wanne chapuchapu. Nikamtazama Hamdan, hana hata mmoja, nikamwonea huruma. Basi samaki wangu wakashiba, wakaenda zao, na mimi sina cha kuwaitia.

Hamdan alikuwa akidondosha tonge dogo, kiasi cha kokwa ya tende, pale pale alipopima, ambapo ukingo unaangukia shimoni, kisha ndoana nyuma yake. Akivuta samaki, anadondosha jingine. Mimi nikahama huku, nikahama kule, nikazidi kurusha mshipi mbali. Ilipoadhiniwa Magharibi yeye ana kumi na tisa, mimi wale wale wanne.

Ami Nasor aliwahi kukaa Unguja, Kiswahili akikijua. Akaniambia, "Bwana mdogo, kuvua unajua. Khori hili hulijui, na umeambiwa."

"Sikufahamu alichosema, ami."

"Ungeuliza." Akaenda zake msikitini.

Mama aliwapokea wale samaki wanne, akawatia chumvi, akarudi kwenye kofia yake. Hilo liliniuma kuliko maneno ya nakhodha, sikufichi.

Mwaka wa pili yake nikamfuata Hamdan, nikamuuliza kwa Kiarabu changu kile kile kibovu. Alinionyesha kila kitu kabla hatujamaliza dele moja la kahawa. Hakucheka, na wala hakuwa na siri yoyote. Msimu ule nikapata kazi chomboni.

Sasa na wewe unaondoka kwenda kazi ya ugenini. Ukifika, pima kwanza palipo miguuni pako, ng'ambo utapatazama baadaye. Ulicho nacho kitoe kidogo kidogo. Na usipofahamu, sema hufahamu, wacha wacheke. Mungu akukutanishe na watu wa kukuonyesha, akuondolee haya ya kuwauliza. Mimi niliona haya mara moja, na mama yangu akashona mwaka mzima.