Kisanduku kwenye Kaburi la Mzee Mupenda

Wenzangu, chekeni tu. Mimi tangu jana hata sombe, mboga niipendayo kuliko zote, sijaigusa.

Nina duka la kuchapa hapa Kasongo, na kwa diploma yangu ya masomo ya usiku nilijisifu kwamba hakuna mwandiko duniani unaonishinda. Mama Zaina akanitumia kwa simu jina la marehemu mume wake, Salumu Mupenda, kwa herufi za Kiarabu, la kuchongwa kaburini. Nikalihamishia kwenye kompyuta yangu kuukuu. Kumbe haikuwa na ile herufi ya “p” ambayo Waswahili waliiongeza kwenye za Kiarabu, ikaweka kisanduku kitupu. Mimi nisiyejua hata alifu nikaona pambo zuri, nikalinenepesha. Fundi akachonga simenti vilevile.

Jana ukoo mzima ukafika kutoka Kabambare. Shehe akaanza kusoma, akakwama.

“Kijana, hapa katikati ya jina umeweka nini?”

“Pambo, Shehe.”

Mama Zaina akapitisha kidole kwenye simenti iliyokwisha kukauka, akanigeukia taratibu.

“Mutoto wangu, Baba Zaina alikufa na jina nzima. Sasa hapa nimemuzika nani?”