Alimzuia Mteja, Saba Ikatoka

Saa tisa alasiri, kasino bado haina watu. Mama Dadu anapiga brashi kitambaa cha kijani cha meza yake, anazikagua dadu mbili kwenye mwanga, kisha anawageukia wageni watatu waliosimama kama wanafunzi wa siku ya kwanza.

"Karibuni. Hapa hakuna uchawi, kuna hesabu," anawaambia. "Nani anajua kwa nini saba hutoka mara nyingi kuliko namba zote?"

Anawaonyesha: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha kinyume chake. Kati ya namna thelathini na sita za dadu kuanguka, sita huzaa saba.

Jina la utani la Mama Dadu amepewa na wachezaji. Ni mjane, na kazi hii ya kuchezesha dadu ndiyo iliyowasomesha mabinti zake. Mwaka jana nusura aipoteze.

Siku hiyo fundi cherehani mmoja alikuwa ameshapoteza sehemu ya akiba ya kununulia cherehani mpya. Akazisukuma mbele chipsi zote zilizobaki, vile vidude vya plastiki vinavyochezewa badala ya pesa.

"Zote kwenye saba! Imechelewa, lazima ije."

"Kaka yangu, dadu hazina kumbukumbu," Mama Dadu alimwambia. "Tena saba tunailipa mara nne, wakati haki yake ni mara tano. Hapo ndipo kasino inapokula. Kama ni lazima ucheze, weka kidogo kwenye dau la mstari, ambako faida yetu ni ndogo. Kule tunakumega, huku tunakumeza."

Fundi akasita, akaziondoa. Dadu zikarushwa.

Saba.

"Weee! Makelele yale!" anasema, leo akicheka. "Aliniita mchawi. Alitaka nifukuzwe palepale."

Mkuu wa zamu akamsimamisha kazi kwa kumshauri mteja.

Nyumbani, binti yake mkubwa alimuuliza, "Mama, kwani ulikosea?"

"Sikukosea, mwanangu. Hesabu haiwi uongo kwa sababu dadu zimeanguka vingine."

Alisema hivyo, lakini usingizi ulimpaa.

Wiki mbili baadaye fundi alirudi, uso umemshuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa zamu. Hasira zilipopoa, alikuwa ameongezea kidogo zile pesa alizoziondoa mezani, akanunua cherehani yake.

"Mrudishe dada yule," alisema. "Ningeshinda siku ile, kesho yake ningeileta hapa mezani cherehani yenyewe niichezee kamari."

Mkuu akamrudisha, akampa na somo hili la wageni. Si kwa huruma tu: aligundua kuwa mteja anayeelewa dau lake hagombani na mchezeshaji.

Sasa Mama Dadu anasoma ualimu wa hesabu asubuhi, kabla ya zamu.

"Nataka mtoto akikua, akafika kwenye meza kama hii, awe ameshapiga hesabu yake nyumbani," anasema. Anatupa jicho upande wa ofisini, anashusha sauti. "Na akiona heri asije kabisa, basi, msimwambie bosi wangu."