Saa ya Kinshasa Nyumbani kwa Tata Kisimba

Kazi yangu ni visanduku. Mtu ana televisheni yake, anataka ishike mtandao, ananunua kisanduku cha Android, anakichomeka nyuma, na baada ya wiki mbili ananiita mimi, Tatiana Ngeleka, wa kibanda cha buluu karibu na soko la Manika, hapa Kolwezi. Katika kazi hii nimejifunza kwamba mashine huharibika kidogo, ila wenyewe husema uongo mwingi. Nikiuliza, "Uligusa kitu?" jibu ni hapana. Tangu nianze kazi sijakutana na mtu aliyegusa kitu.

Mzee mmoja, Tata Kisimba Stany, aliwashinda wote. Alikuwa na miaka sabini na moja, goti moja bovu, na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kituo cha treni cha Tenke, akastaafu akiwa mkuu wa kituo. Alirudi Kolwezi na kofia nyeusi yenye ukanda mwekundu, pamoja na saa ya ukutani. Kofia aliivaa kwenda misani, sokoni, hata kwenye foleni ya maji. Saa aliitundika sebuleni, na watu wa avenue nzima walikuja kurekebisha zao kwake. Hakuwaruhusu wajadili.

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa ikiwa saa nne, sisi huku tumeshafika saa tano. Watu wengi wanaishi na jambo hilo bila kuumwa. Tata Kisimba alikuwa anaumwa. Enzi za kazi, waraka ukija na saa za Kinshasa, aliusahihisha kwa kalamu nyekundu na kuurudisha ulikotoka. Hakuna aliyewahi kumjibu. Yeye alihesabu kwamba wamekubali kosa.

Basi akaja kibandani kwangu, kofia kichwani, akasimama mbele ya visanduku kama anakagua mabehewa.

"Mi nataka ka box ka kuangalia habari," alisema.

"Tata, usisome karatasi ya inje," nikamwambia. "Karatasi ya inje inadanganya."

Na ni kweli. Nje wameandika picha kali kuliko televisheni yoyote iliyopo Kolwezi, na kumbukumbu ya kutosha kuendesha benki. Ukifungua ndani unakuta robo yake. Mimi nakiwasha kwanza mbele ya mteja, naingia kwenye mipangilio, tunasoma pamoja kilichomo kweli. Kisha nakipima mkononi, maana chepesi sana hakina chuma cha kupoza, kitachemka kabla ya mahubiri kwisha. Halafu naangalia adapta, kwa sababu adapta dhaifu hufanya kisanduku kiwake na kuzima, kiwake na kuzima, na mteja anasema amerogwa.

"Iko wapi ile haidanganye?" akauliza.

"Haiko, tata. Iko tu ile inadanganya kiloko, kidogo kabisa."

"Basi unipe ile ya kiloko."

Nilikwenda kumfungia siku hiyohiyo. Mkewe, Mama Agnès, alinipa kiti na karanga. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi kisanduku kilipouliza kiko mji gani ili kijue saa. Katika orodha yake, nchi yetu nzima ilikuwa na mji mmoja tu: Kinshasa. Nikaubonyeza. Tata Kisimba aliangalia pembe ya televisheni, akaangalia ukuta wake, akaona tofauti ya saa nzima.

"Mu nyumba yangu saa ya Kinshasa haiingie."

"Niweke Harare, tata? Saa yake na yetu njo moja."

"Mi sijafikaka Harare."

Nikamwachia Kinshasa, nikamweleza kwamba ni saa tu, picha hazitajali. Akanisindikiza hadi mlangoni. Sikujua bado kwamba kunisindikiza kwake si kukubali.

Siku ya tatu akaniita. Hakuna kilichofunguka. Kila alichobonyeza, kioo kilimjibu kwamba mawasiliano si salama. Nilifika, nikaangalia tarehe ya kisanduku: tarehe mosi Januari 2015. Hilo ni jambo la kawaida. Visanduku hivi havina betri ndani. Umeme ukikatika vinasahau siku, vikiwaka vinajichukulia saa na tarehe mtandaoni, kama umeviruhusu. Ukivikataza vinabaki 2015, na mtandao hauifungulii mlango mashine isiyojua leo ni lini. Nikakuta ruhusa ile imezimwa. Nikaiwasha, picha zikaja.

"Tata, uligusa kitu?"

"Hapana."

Baada ya siku nne, vilevile. Nikadhani kisanduku ni kibovu, nikambadilishia kwa hasara yangu. Wiki iliyofuata, vilevile tena. Nikabadilisha adapta. Nikamwekea mashine ya kutuliza umeme. Nikafuta vumbi la barabara ya malori lililojaa nyuma ya televisheni. Nikawatukana watengenezaji wa visanduku kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba, na Tata Kisimba alitikisa kichwa kwa masikitiko, akakubaliana nami kwamba kazi ya siku hizi haina heshima.

Alhamisi moja asubuhi Mama Agnès alikuja kibandani na sanduku la safari. Alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Tata hakununuaka ile box juu ya habari," alisema. "Dimanche, siku ya misa, Gael anakuwa padri, kule Kinshasa. Alitutumia billets mbili ya ndege. Tata anasema goti inamuuma."

"Na goti inamuuma?"

"Inamuuma. Lakini haiko goti njo inakataa."

Ndipo nikaelewa. Gael ni mtoto wao wa kiume wa pekee. Kwao, mjukuu wa kiume hupewa jina la babu, ili babu asiishe, na padri hazai. Kijana alipoingia seminari, Tata Kisimba alimwambia mbele ya wageni, "Umeniua nikingali muzima." Ni miaka minane tangu siku ile, na hawajasemeshana.

"Mu mwisho ya misa," Mama Agnès akaendelea, "padri mupya anabariki kwanza bazazi yake, mama na baba. Iko mara moja tu, hairudiake. Misa itapita direct ku mutandao. Kama inamupita, hatasema kitu, mi namujua. Ataikala nayo paka siku ya kufa. Umuangalie, mama."

Nikamwahidi. Nilisikia uchungu, siwezi kuficha. Mimi pia baba yangu alikufa tukiwa tumenuniana, tena kwa sababu ya baiskeli.

Ijumaa Tata Kisimba alikuja kuuliza kama nimeona kofia yake. Jumamosi akaja tena na swali lilelile, kwa sauti ya mtu anayemjua mwizi. Nikamwambia sivai kofia za treni.

Jumapili nilifika kwake saa tatu na nusu, saa ya ukutani. Nilibeba simu yenye mega za kutosha kumgawia mtandao, betri kubwa na kigeuza umeme, kwa sababu naujua umeme wetu. Misa ilipangwa saa nne ya Kinshasa, yaani saa tano yetu. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta tata amevaa suti, kichwa wazi, amesimama mbele ya televisheni na rimoti mkononi. Anaangalia ukuta, anabonyeza. Anaangalia ukuta, anabonyeza. Alikuwa anakipangia kisanduku saa kwa mkono.

Wiki tatu zilinipita mbele ya macho, pamoja na kisanduku nilichobadilisha bure.

"Tata!" nikapiga kelele. "Ni weye!"

"Mi sikugusaka kitu," alisema, na kidole bado kiko kwenye kitufe.

Ilikuwa hivi: kila nilipoondoka, alizima ruhusa ya saa ya mtandaoni, kwa sababu ilikuwa inamrudishia Kinshasa, akasogeza saa moja mbele. Umeme ukikatika, kisanduku kinaanguka 2015. Yeye anarekebisha saa na dakika, barabara kabisa, na mwaka hauangalii. Saa za kituo cha treni hazina mwaka. Aliishi 2015 na dakika zake zimenyooka, akisubiri picha.

Nikamwomba rimoti. Akakataa. Asubuhi ile umeme ulikuwa haujakatika tangu nilipokirekebisha mara ya mwisho, tarehe ilikuwa nzuri, picha zilikuwa zinakuja.

"Iko inatembea," alisema. "Kitu yenye kutembea habaigusake."

"Courant ikikatika, tata, tumekwisha."

"Dimanche habakataka asubuhi."

Misa ikaanza kwa wakati. Baada ya mahubiri, mashemasi wanane, wote wamevaa nyeupe, walilala kifudifudi mbele ya altare. Tata Kisimba alikaa ukingoni mwa kiti na kuuliza yupi ni wake. Sikumjua Gael, nikasema wa tatu. Akasema hapana, wa sita, anamjua kwa visigino. Mtu mwenye ukungu machoni alimtambua mwanawe kwa visigino.

Kabla hawajainuka, umeme ulikatika.

Nikachomeka betri. Televisheni ikawaka, kisanduku kikawaka, taratibu, kama mtu anayevaa viatu. Tarehe mosi Januari 2015. Mawasiliano si salama. Betri yangu ilikuwa na saa moja na nusu ndani yake, labda na robo tatu.

Nikamwonyesha misa kwenye simu. Aliisogeza, akaileta puani, akaisogeza tena.

"Minaona muchele," alisema.

Nikamweleza upesi. Kuweka tarehe kwa mkono kwenye kisanduku kile ni kubonyeza mwezi kwa mwezi, miezi zaidi ya mia na ishirini, na betri za rimoti zilikuwa zinaelekea kufa. Kuna njia moja ya haraka: kukiruhusu kijichukulie saa chenyewe.

"Itakuya saa ya Kinshasa," nikasema. "Ao niweke Harare, tata. Hakuna mutu atajua."

Angalia mzee yule. Kwenye simu niliwasikia wanaimba ile litania ya kuwaita watakatifu, kwa hiyo mikono ilikuwa karibu kuwekwa juu ya vichwa. Aliangalia saa yake ya ukutani kwa muda mrefu. Ningeweza kumpokonya rimoti, lakini mtu aliyeshika bendera ya treni miaka thelathini na minne hapokonywi kitu mkononi. Nilitaka kulia kwa hasira.

Akaninyooshea rimoti yeye mwenyewe.

"Weka Kinshasa," alisema.

Nikabonyeza mara moja. Saa ikarudi nyuma, mwaka ukaruka mbele, picha ikaja kubwa, pembe kwa pembe.

Wa sita alikuwa Gael kweli. Askofu alimwekea mikono, wakamvalisha, misa ikaendelea, na mimi nikawa naangalia taa ya betri kuliko altare. Ilipofika mwisho, mapadri wapya walishuka kwenda kwa wazazi wao. Kamera ilimfuata mmoja, ikamfuata mwingine, kisha ikamfikia Gael. Mama Agnès alikuwa amepiga magoti mstari wa mbele. Pembeni yake palikuwa na kiti kitupu, na juu ya kiti ilikuwa kofia nyeusi yenye ukanda mwekundu.

"Kofia yangu," alisema Tata Kisimba.

Gael aliweka mikono juu ya kichwa cha mama yake, akasali. Halafu akasogea hatua moja, akaiweka juu ya kofia. Alikawia pale. Padri aliyekuwa nyuma yake ilibidi asubiri.

Nilisikia kitu kikigonga sakafu. Tata Kisimba alikuwa amepiga magoti, lile zima na lile bovu, kichwa kimeinama chini ya televisheni. Alikaa vile hadi Gael alipoinua mikono, na dakika mbili baadaye betri ikaisha, kioo kikawa cheusi. Hakuweza kusimama mwenyewe. Nilimshika kwapani, akanilalamikia kwamba nainua watu vibaya.

Mchana umeme uliporudi aliomba simu yangu na namba ya Gael, ambayo mimi nilikuwa nayo kutoka kwa Mama Agnès. Nilitoka nje kula karanga. Kupitia dirishani nilimsikia akisema, "Padri," kisha akauliza kama kofia imewekwa vizuri kwenye sanduku.

Kabla ya kuondoka nilichukua rimoti. Nilitaka kumwekea Harare, ili saa za nyumba zisigombane na mzee asichanganyikiwe. Akanishika mkono.

"Acha ile," alisema. "Ya ku ukuta njo yangu. Ile njo ya mutoto. Minataka kujua kama iko anakula ao iko anasali."