Aliponikabidhi karatasi yenye aya mlangoni mwa choo

Wakuu, salaam kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo nina jambo lililonikaa kifuani tangu mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa Kidato cha Nne, nami nitalieleza kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja huku Bagamoyo. Siku hiyo nilisimamia Elimu ya Dini ya Kiislamu.

Utaratibu wetu ni kwamba msichana akiomba kwenda chooni, msimamizi wa kike humsindikiza hadi mlangoni. Walimu wenzangu mnajua sababu: wakati wa mitihani, vyoo vyetu husomewa kuliko maktaba.

Katikati ya mtihani, Mwanahawa (si jina lake) akanyoosha mkono. Ni binti wa kijiji cha Mlingotini, mpole, aliyehitimu msahafu tangu mdogo. Nikamwachia mwenzangu chumba, tukatoka.

Kufika mlangoni akasimama. Haingii, harudi.

"Vipi, si ulikuwa umebanwa?"

"Madam, siwezi kuingia nayo."

"Nayo nini?"

Akapitisha mkono chini ya ushungi, akatoa karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama stempu, akanipa kwa mikono miwili.

"Ina aya, Madam."

Kwa wasiojua: kwetu maandishi ya Kurani hayaingizwi chooni, hayatupwi, hayakanyagwi. Binti alikuwa amepanga kila kitu, ila hakufikiria anakwenda kuisomea wapi, mpaka alipouona mlango.

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

Kanuni ya shule ni kwamba anayeshikwa akidanganya hurudishwa nyumbani hadi siku ya mtihani wa Taifa. Wawili waliorudishwa mwaka uliopita hawakuonekana tena. Mmoja wao, tulialikwa harusini kwake.

"Rudi ukaandike unachokijua," nikamwambia. Karatasi nikaitia mkobani.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Mwenye karatasi ya majibu ndani ya chumba cha mtihani sasa nilikuwa mimi.

Niliwaza kuitupa. Wapi? Jalalani haiwezekani, shimoni haiwezekani, kuichana sithubutu. Kilichomzuia yeye kilinizuia na mimi.

Mwalimu wa taaluma akaingia, akausogeza mkoba wangu kwa mkono wake ili aweke bahasha zake mezani.

"Madam, mbona jasho hivyo, na feni hii hapa?"

"Sukari tu, mwalimu."

"Basi kunywa maji, usije ukatuangukia hapa wakasema mtihani mgumu."

Nilicheka kwa sauti ambayo sikuitambua.

Mwisho ikaja fomu ya msimamizi. Kuna nafasi imeandikwa: Matukio ya udanganyifu. Nikaandika "Hakuna", nikatia sahihi.

(Wale wa "fupisha uzi", nakaribia.)

Wiki iliyofuata, Ustadhi anayefundisha somo hilo akaingia ofisini na rundo la karatasi alizosahihisha.

"Jamani, njooni muone maajabu! Mwanahawa huyu, anayenisahihisha hata mimi nikikosea kusoma, swali la aya kaliacha jeupe! Hata nukta!"

"Mapenzi hayo, Ustadhi," mmoja akadakia. Wakacheka. Mimi chai ilinipalia.

Jioni nikamwita binti pembeni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Lile swali hukulijua?"

"Nililijua. Wakati naiandika ile karatasi ndipo nilipohifadhi."

"Sasa kwa nini hukujibu?"

Akatazama chini. "Nisingejua kama najibu kwa kusoma au kwa kuiba."

Wakuu, tangu siku hiyo sina raha. Tulikuwa na nafasi moja moja ya kujaza, mimi na yeye. Yake aliiacha wazi. Yangu niliijaza uongo, tena katika mtihani wa dini.

Nilichojifunza ni kwamba kumhurumia hakukunilazimisha kudanganya. Ningeweza kwenda kwa mkuu wa shule, nikasema ukweli, nikamwombea mtoto kwa nguvu zangu zote. Sikujaribu hata kidogo. Niliogopa, kisha hofu yangu nikaiita huruma.

Karatasi bado ninayo, iko ndani ya msahafu wangu nyumbani. Najua namna ya heshima ya kuiteketeza. Lakini kila nikishika kiberiti najiuliza: ninastahi aya, au ninachoma ushahidi?

Jumatatu mkuu wa shule anarudi kutoka safari. Nikisema, mimi huenda nikapewa onyo, na Mwanahawa huenda akarudishwa Mlingotini. Nikinyamaza, sahihi yangu inabaki pale kwenye faili.

Walimu, wazazi, na hasa nyinyi mliowahi kusimama mlangoni kama yeye: mngetaka mwalimu wenu afanye nini? Nawasoma nyote, hata wa kunikaripia.