Gunia Chini ya Jiwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kila nikikuona umeinamia hilo daftari la fizikia. Umeandika kwamba msuguano hupoteza nguvu, ukapiga mstari. Na mimi niliamini hivyo, nusura niue mtu.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nikipasua mawe na baba mdogo Masalu huku mlimani Mabatini. Tulichoma mwamba kwa moto hadi upasuke, kisha tukateremsha kipande taratibu kwa mtaimbo, kikiwa kimelalia magunia makavu. Kazi ya kuchosha kweli.

Asubuhi hiyo baba mdogo alishuka, magunia mengine begani, kumwomba Ma Koku asogee. Huyo alikuwa jirani yetu, akifua chini ya mteremko. Kabla ya kushuka, baba mdogo aliniambia nisiguse kitu. Lakini ujana una masikio ya mapambo. Nikachomoa magunia, nikamwaga maji ya sabuni juu ya mwamba ili jiwe liteleze upesi, nikatia mtaimbo.

Jiwe likagoma. Nikakaza mpaka macho yakaniuma. Likagoma tena, halafu likaondoka, na likishaondoka halikunihitaji. Kulianzisha ndiko kulikokuwa kugumu. Niliuona mgongo wa Ma Koku, ameinama, hajui lolote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lenyewe lilikuwa la mwenzangu.

Baba mdogo hakujaribu kulishika, lingemsaga. Alitupa magunia njiani mwake akaruka kando. Jiwe likayapanda, likakwaruza, likapunguza mwendo, likasimama hatua tatu kutoka kwenye beseni.

Nilishuka mbio, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Ma Koku alilitazama jiwe, akanitazama. "Marahaba. Siku nyingine anza na salamu, ndipo ulete jiwe."

Baba mdogo hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Uliona gunia linakuchelewesha. Hukuona linamlinda nani." Sikula siku hiyo. Aibu ilinishibisha.

Basi ongeza mstari mmoja daftarini: msuguano hula nguvu, na huohuo ndio unaosimamisha. Na nje ya daftari, usiondoe kinachokuchelewesha kabla hujatazama nani yuko chini yako. Mungu akupe wepesi, mwanangu, na pale wepesi utakapokuzidi, akutupie gunia.